Muulize Shangazi: Mtoto akiona kitabu analia

Shule zimefungua na barua zimenijaa, karibu zote wiki hii ni watoto wadogo na vitabu. Nimechagua tano, zingine nisameheni, zamu yenu itafika.

*Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka minne na nusu, yuko chekechea. Mwalimu kaniambia yuko nyuma, wenzake wanasoma ba be bi bo bu yeye bado. Kila siku anarudi na homuweki ya kuandika kurasa mbili, usiku nakaa naye na fimbo iko mezani (simpigi, ya kumtishia tu), sa hivi akiona daftari au kitabu chochote analia. Na mi nilitaka apende kusoma jamani. Nifanyeje? Mama wa Tabata*

Marahaba mwanangu. Fimbo itoke mezani leo leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Unasema ni ya kutishia tu, sawa, lakini yeye hajui hayo mahesabu, anachojua ni kwamba kitabu kikitoka na fimbo inatoka, mama mchana anacheka na usiku amekunja uso. We mwenyewe ungependa kitu kinachokuja na fimbo?

Halafu nani kasema yuko nyuma? Nyuma ya nani? Kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tunazoimbiwa kila siku, ndo kazi ya darasa la kwanza na la pili, mtaala wenyewe umezipanga huko. Nimefundisha chekechea miaka mingi na nimeona watoto waliokuwa wanaghani ba be bi bo bu kama kaseti, ukimwekea kidole kwenye "bo" peke yake anakuangalia, kwa sababu alikuwa anaimba tu hasomi. Na nimeona wa kwako wengi, wanachelewa wanachelewa, siku moja kimya kimya mtoto anakusomea maandishi ya ukutani dukani.

Tena kusoma na kuandika ni vitu viwili. Mkono wa miaka minne bado laini, kurasa mbili za "a" ni kama wewe uambiwe utwange mahindi debe zima kwa mkono wa kushoto. Mpe unga akande chapati ndogo yake, mpe vile vibanio vya nguo abane kwenye kamba, vidole vinakomaa huko. Mwalimu muendee vizuri, usiende kwa shari, mwambie mwanangu anaanza kuogopa vitabu, naomba homuweki iwe mstari mmoja. Wengi wanaelewa, hizo kurasa mbili mara nyingi zinatoka kwa wazazi wenyewe, wakiona daftari jeupe wanalalamika ada yao inaliwa bure.

Sasa usiku. Homuweki ikiisha ifungieni kwenye begi, mhame hapo mezani kabisa, nendeni kitandani au kwenye mkeka, mweke mapajani. Dakika kumi zinatosha. Soma wewe, yeye kazi yake kufungua kurasa, akiruka mbili ruka naye, akitaka kuanzia mwisho anzia mwisho. Usimfanyie mtihani! Hili ndo kosa letu kubwa, kila ukurasa "hii nini? hii rangi gani? herufi gani hii?" mpaka hadithi inakufa, sungura kashakimbia zamani sisi bado tunauliza rangi ya mkia. Na akileta kitabu kile kile siku ya ishirini kisome tu, najua unachoka, mi kuna kimoja cha fisi nilikuwa nakisoma huku nasinzia nikikosea neno ananisahihisha. Hapo ndo raha yake, akishakijua kwa kichwa anaanza kuona kwamba maneno anayoyajua ndo yale madoa meusi kwenye karatasi.

Sauti zichezeeni hata bila kitabu. Njiani pigeni makofi majina ya vitu: ma-che-nza, ka-li-ma-ti. Mtu ni makofi mawili, m-tu, watu wazima huwa wananibishia hapa ila watoto wala hawabishi. Na kituoni asome kibao cha daladala, "Kariakoo" atalitambua kabla hajajua herufi moja moja, mwache, na huko ni kusoma.

Vitabu kama bei inakusumbua, upo Dar, mpeleke Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Bibi Titi Mohamed aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, watoto wana sehemu yao. Mimi mara ya kwanza nilipelekwa na baba mdogo, nikadhani vile vitabu vyote ni vyake, nikamheshimu miaka.

*Mwanangu, mimi ni bibi, nipo Pangani nalea mjukuu wa miaka mitano mama yake yuko Dar anahangaika. Macho yangu mabovu na shule yenyewe niliishia la pili, kusoma nasoma kwa kuokoteza. Mama yake kaniletea vitabu viwili anasema nimsomee. Naona aibu mtoto atanicheka.*

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Bibi, wewe una kitu ambacho akina mama wengi wa mjini wanakitafuta kwa pesa. Hadithi unazo? Vitendawili? Basi anza na hivyo. Jioni mkishakula, "Kitendawili!" akujibu "Tega!", "Nyumba yangu haina mlango", ahangaike hadi apate yai, "Popote niendapo ananifuata", hadi apate kivuli chake. Akishindwa mdai mji, akupe Tanga, akupe Mombasa, kesho atakuuliza Mombasa iko wapi. Mtoto aliyezoea kutega sikio kusubiri neno, na kukaa na hadithi toka mwanzo hadi mwisho bila kukimbia, huyo akifika kwenye kitabu kazi nusu imeisha, mi nilikuwa nawatambua wiki ya kwanza tu darasani hawa waliolelewa na bibi zao.

Vile vitabu viwili usivisome, vitazame naye. Picha unaziona? Basi msimulie kwa maneno yako, huyu mzee anaenda wapi, mbona mbuzi kapanda juu ya meza, hakuna wa kukushtaki kwamba si ndivyo ilivyoandikwa. Na siku ukikwama kwenye neno, okoteza mbele yake hivyo hivyo, "ha... ba, haba". Hatakucheka. Atajifunza kwamba hata bibi anatafuta neno hadi analipata.

Na kanga bibi! Sandukuni kwako humo una maktaba. Mwonyeshe pindo, mwonyeshe mji, kisha mpeleke kidole kwenye jina. "Haba na haba hujaza kibaba", herufi kubwa zinasomeka hata na macho mabovu, na jina lenyewe unalijua kwa moyo hivyo hukosei. Kila akikuona umebadilisha kanga aulize leo imeandikwa nini. Zile za kumpiga vijembe jirani zikunje chini kabisa, maana ataenda kumsomea kwa sauti, nakwambia ukweli.

*Shangazi mambo, mi ni dereva wa lori, wiki mbili niko njiani nyumbani siku tatu. Binti yangu ana miaka mitatu. Mke wangu anasema na mimi nishiriki haya mambo ya kusomea mtoto, sa nishiriki vipi nipo Tunduma kwenye foleni?*

Poa baba. Foleni ya Tunduma ndo mahali penyewe, si unakaa tu hapo. Rekodi sauti kwenye WhatsApp, dakika mbili, hadithi ya leo: umeona nyani wangapi barabarani, lori la mbele limebeba nini, sungura kamdanganya nani. Mama yake amwekee asikilize usiku kabla ya kulala. Ukiwa nyumbani nunua kitabu kimoja, mkikimaliza mpige kurasa zake picha ubaki nazo kwenye simu, ukiwa safarini wewe unasoma huko yeye anafungua kurasa hapa. Na zile siku tatu usizimalize zote kijiweni.

*Hujambo shangazi, niko Mombasa, kijana wangu yuko PP1 (chekechea mwaka wa kwanza) na shuleni ni Kizungu tu. Nikimsomea Kiswahili nyumbani si nitamchanganya? Na vitabu vya Kiswahili vya umri wake navipata wapi?*

Humchanganyi. Msomee lugha ambayo we mwenyewe unachekea na kugombania, ukimsomea kwa lugha unayoibana kooni atasikia umebana. Tena Kiswahili kinamrahisishia, "a" ni "a" popote utakapoikuta, haigeuki geuki kama ile ya Kizungu ambayo kila neno ina sura mpya, akishika silabi zake anaruka mwenyewe. Patakaposumbua ni ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na hizo dh na gh, lakini hapo hata wakubwa wanateleza. Vitabu, ingia intaneti utafute African Storybook, hadithi ni za bure na za Kiswahili zipo nyingi, zimepangwa kwa ngazi, anza na zile zenye neno moja moja kwa ukurasa. Bora uziprinti uzibane kwa pini, kwa sababu ukimpa simu yenyewe, dakika ya pili kaitelezesha kaenda kwenye katuni na hadithi ndo imeishia hapo.

*Shangazi, wa kwangu mwaka mmoja na nusu, anakula vitabu. Yaani anatafuna kweli. Kingine kakichana katikati. Nimfichie hadi akue?*

Usimfichie. Mtoto wa umri huo anasoma kwa mdomo, kila kitu kinapita hapo kwanza. Mtengenezee cha maboksi, kata yale makaratasi magumu ya boksi la biskuti au majani ya chai, bandika picha ya baba, ya paka, ya kikombe chake, toboa pembeni upitishe uzi mfupi ufunge vizuri, muwe mnakiangalia pamoja maana uzi nao ataujaribu. Akikitafuna una boksi jingine kesho. Kile kilichochanika nunua selotepu, kaa naye sakafuni mkibandike wote, akushikie upande mmoja. Kitakuwa na makunyanzi na ukurasa mmoja utageuka juu chini, na ndicho atakacholala nacho.