Meno ya usiku yana kazi ya asubuhi

Kukoroma kwangu kulitangazwa siku ya hitma, kule Pangani. Wanawake tulilala kwa safu juu ya mikeka, na alfajiri, maji ya chai yalipokuwa jikoni, wifi yangu akauliza mbele ya watu kama kuna mwingine aliyesikia boti ya uvuvi ikipita ndani ya nyumba usiku kucha. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana utani ni haki ya wifi, lakini nilipofika nyumbani Ngamiani, Tanga, nilimbana mzee wangu. Akakiri. Miaka na miaka alikuwa akinisikia nakoroma, kisha nanyamaza kabisa, kisha nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Kelele alikwisha zizoea. Kilichomkosesha usingizi ni ule ukimya, alikuwa akihesabu moyoni akingoja nirudi.

Habari za vipimo sitazisimulia zote. Nililala na kifaa kilichofungwa kidoleni na kifuani, asubuhi kikasema pumzi yangu inakatika au kupungua sana mara 19 kwa saa. Wataalamu huhesabu kila tukio linalofika sekunde 10 au zaidi. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Wenye hali kali kwa kawaida huelekezwa kwenye mashine inayosukuma hewa kupitia puani, ile ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza mwaka 1981. Kama wewe umepewa mashine hiyo, usiiache kwa ajili ya maneno yangu. Mimi hali yangu ilikuwa ya kati, nikapewa nafasi ya kuchagua, nikachagua kifaa cha meno: vipande viwili vya plastiki ngumu, cha juu na cha chini, vilivyochongwa kufuata meno yangu mwenyewe, vinavyolivuta taya la chini mbele kidogo ili ulimi usirudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Sababu yangu ilikuwa ya kimama tu: umeme ukikatika saa nane usiku, kifaa hiki hakina habari.

Mjukuu wangu anakiita "meno ya bibi ya usiku", na jina limeganda.

Pale kilipotengenezwa walinikabidhi ndani ya kikopo, wakaniambia, "Mama, vaa kila ukilala." Basi. La asubuhi hakulitaja mtu, na mimi naona asubuhi ndipo wengi wanapokiacha kifaa hiki. Siku ya kwanza nilikivua, nikasukutua, nikaketi kwa chai na mahamri yangu. Nang'ata, meno ya mbele yanagongana, magego hayakutani! Nikatafuna kama kibogoyo. Nikajua taya limehama, nimejilipia kilema kwa fedha yangu mwenyewe. Nikakirudisha kikoponi, kikopo kikaenda kabatini, kikakaa siku tisa huku boti ikiendelea kupita chumbani.

Aliyenitoa hofu ni daktari mwingine wa meno. Alinieleza kwamba misuli ya taya ikivutwa mbele usiku mzima, asubuhi haiachii mara moja. Huchukua muda, mara nyingi nusu saa hadi saa nzima, na unaweza kuisaidia. Usiposaidia, miezi na miaka ikipita meno yenyewe yanaweza kusogea taratibu na mkao wa kung'ata ukabadilika moja kwa moja. Hilo la pili ndilo lililonifanya nisichezee tena asubuhi zangu.

Kwa hiyo sasa nikiamka saa kumi na moja, kwanza navua. Nachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nakamua, nakiweka mashavuni chini ya masikio mpaka kipoe. Halafu nina kibao kidogo cha plastiki, nilichongewa pamoja na matengenezo ya baadaye, chenye alama za meno yangu yalivyokuwa kabla ya kuanza kuvaa kifaa. Nakiweka mdomoni, nang'ata polepole, naachia, nang'ata tena, huku nikipepea jiko. Mwanzoni meno hayaingii kwenye mashimo yake. Baada ya dakika kadhaa unasikia yamekaa. Asiye na kibao aulize kama anaweza kutengenezewa, na akiwa hana kabisa, bazoka isiyo na sukari ikitafunwa kwa magego inasaidia, ila mtu mzima kutafuna bazoka alfajiri ni jambo la kuamua mwenyewe.

Kujua kama taya limerudi nina mtihani wangu wa karatasi. Nakata ukanda wa karatasi ya daftari, naung'ata kwa magego ya kulia, navuta. Kisha kushoto. Ukishikwa, nakula chochote. Ukichomoka kirahisi, nangoja, na wala sijaribu kitu kigumu kwa meno ya mbele: mua, hindi la kuchoma, mfupa. Ikiwa imefika adhuhuri na bado magego hayakutani, hiyo si ya kungoja kesho, mpigie daktari wako.

Mate nayo, tuyaseme. Wiki za mwanzo mto wangu ulikuwa unalowa kama nguo ya mtoto, na usiku mwingine kinyume chake, mdomo unakauka kama kaukau. Yote mawili yalipungua yenyewe. Ule ukavu lakini usiudharau, kwa sababu mate ndiyo yanayoyalinda meno, na yakipungua meno huoza upesi, tena yakiwa yamefunikwa na plastiki kwa muda wa saa saba. Ndiyo maana kahawa na halua zangu zinaishia kabla ya kupiga mswaki wa usiku. Nikishavaa, maji tu. Mwezi wa Ramadhani navua wakati wa daku, nakula, napiga mswaki vizuri, ndipo navaa tena nikirudi kulala. Kuhusu kukivaa mchana ukiwa umefunga, mimi nilimuuliza ustadhi wetu, nawe muulize wako.

Kukiosha ndiko kulikonitia hasara. Mimi ni mtu wa maji ya moto. Vyombo, nguo za watoto, kila kitu kwangu husafishwa kwa maji ya moto, nikaona kitu kinachokaa mdomoni ndicho cha kwanza kustahili. Nikakimwagia maji ya birika. Kilipopoa hakikuingia tena mdomoni, kimejikunja upande mmoja, ikabidi nifunge safari tena kwenda kutengenezewa kingine, kwa fedha ambayo ingeninunulia mbuzi wa Iddi na mabaki. Kioshe kwa maji baridi au ya uvuguvugu mdogo, mswaki laini wa peke yake, na tone la sabuni ya maji isiyo kali. Dawa ya meno usitumie, inakikwaruza, na kwenye mikwaruzo ndimo uchafu unamojificha. Kikung'ute, kiache kikauke kivulini, ndipo kiingie kwenye kikopo chenye matundu. Usikiache dirishani juani wala ndani ya gari lililoegeshwa, joto la Tanga mnalijua. Na kiweke juu, kwa sababu mbwa na panya wanapenda kitu chenye harufu ya mdomo wa mtu.

Kifaa changu kina skrubu mbili pembeni, na kifunguo kidogo. Kila mzunguko ni kama robo milimita mbele. Niliambiwa mmoja, ningoje siku kadhaa, nisikilize. Mimi nikaona robo milimita ni uchoyo, usiku mmoja nikazungusha minne. Asubuhi nilikuwa nafungua mdomo kwa kiasi cha kupitisha kijiko. Lengo si kulivuta taya mpaka mwisho, ni kufika pale pumzi inapopita, na masikio ya mzee wangu hayatoshi kupajua. Nilirudia kipimo cha usingizi nikiwa nimekivaa, nikakuta 6 kwa saa. Kuna watu kukoroma kunakwisha kabisa na pumzi bado inakatika kimyakimya, kwa hiyo rudia kipimo hata kama nyumba nzima inakusifu.

Pua nayo ni nusu ya kazi. Nilikuwa nafukiza udi chumbani kila jioni, nguo, mto, kila kitu, halafu nashangaa pua imeziba nikilala. Chetezo kimehamia ukumbini. Mzee wangu alinung'unika kidogo. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi na dawa za usingizi zenyewe sizimezi bila kumwambia daktari, kwa kuwa zinaweza kulegeza zaidi misuli ya koo. Pombe kwa wanaokunywa ni hivyohivyo. Kulala chali ndiko kubaya kuliko yote kwangu. Najifunga kanga kuukuu kifuani, fundo kubwa mgongoni, nikigeuka chali fundo linanirudisha ubavu. Uzito nimepunguza kilo nne kwa kutembea jioni mpaka Raskazone, na bado naendelea, sitajifanya ni rahisi mtu akiishi jirani na wauza mkate wa kumimina.

Kuna jambo lilinichekesha. Mwaka 2006 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti wa Uswisi: watu wenye shida hii walifundishwa kupiga didgeridoo, lile baragumu refu la mbao la wenyeji wa Australia, na baada ya miezi minne usingizi wao wa mchana ulipungua, kwani kupuliza kuliizoeza misuli ya koo. Nikamwambia mzee wangu anitafutie nzumari nijaribu. Akasema afadhali boti.

Jambo la mwisho ambalo ningependa kuambiwa mapema: ukienda kuziba jino, kung'oa, au kuvikwa kofia ya jino, nenda na kifaa chako mkononi na umwambie daktari kabla hajaanza. Kimechongwa kufuata meno uliyokuwa nayo siku ile, jino likibadilika umbo hakikai tena, na kukilazimisha kunaumiza jino. Mwonyeshe pia ukisikia jino linacheza, ufizi unavimba, au kiungo cha taya kinalia na kuuma. Mimi mwenyewe nakwenda keshokutwa, skrubu ya kushoto imeanza kulegea, na juzi usiku mzee wangu aliniamsha kunieleza kwamba boti imesikika, ila kwa mbali.