Kwenda Puri siku ya Rath Yatra na kurudi Bhubaneswar siku hiyohiyo

Ndugu uliyeuliza kama mtu asiye Mhindu anaweza kwenda Puri, mji wa hekalu katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, siku ya Rath Yatra, yaani sikukuu ya magari ya miungu, akaona jambo la maana na kurudi Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo hilo, usiku huohuo: inawezekana, na kwa maoni yangu hakuna siku nyingine ya mwaka inayomfaa zaidi mtu wa nje. Nilisoma Bhubaneswar, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona nilipokwenda.

Hekalu la Jagannath, mungu wa Kihindu, lililojengwa karne ya 12, haliruhusu wasio Wahindu kupita langoni, na usidhani ni suala la rangi yako, kwani hata Indira Gandhi, akiwa waziri mkuu wa India, alizuiwa mwaka 1984 kwa kuwa mumewe alikuwa Mparsi, yaani wa dini ya Zoroasta. Siku za kawaida watu kama sisi huishia kutazama mnara kutoka nje, ng'ambo ya barabara. Siku ya Rath Yatra, ambayo huangukia Juni au Julai, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, wote wakiwa sanamu za mti wa mwarobaini, hutolewa nje na kupandishwa kwenye magari matatu ya mbao ambayo huundwa upya kila mwaka, kisha huvutwa na umma hadi hekalu la Gundicha, umbali wa kilomita tatu hivi. Mlango uliofungwa kwako mwaka mzima hauna maana tena, kwa sababu waliomo ndani wametoka.

Panda treni ya alfajiri, maana magari ya abiria huzuiwa mbali na mjini. Kutoka stesheni utatembea kwa miguu pamoja na malaki ya watu hadi Bada Danda, barabara pana inayounganisha mahekalu hayo mawili. Hapo uamue mapema: ama ulipie nafasi kwenye paa la nyumba mojawapo ya kando ya barabara, ama usimame chini. Mimi nilichagua paa, na bado naona ilikuwa pesa iliyotumika vizuri, kwa kuwa kutoka juu nilifuata kila hatua, wakati waliokuwa chini wengi waliona migongo tu. Jua la Odisha msimu huo, likichanganyika na unyevu wa masika yao, si la kufanyia mzaha; zimamoto huwanyunyizia watu maji ili wasizirai, kwa hiyo simu na hati zako zifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Sehemu iliyonigusa zaidi si kuvutwa kwa magari bali pahandi, yaani kutolewa kwa miungu hekaluni. Hawabebwi kwa utulivu: wahudumu huwasogeza hatua kwa hatua, sanamu zikiyumba mbele na nyuma kwa mdundo wa matuazi na ngoma, na Jagannath anapotokea mwisho akiwa na taji kubwa la maua, barabara nzima hunyanyua mikono kwa pamoja. Baadaye huja Gajapati, mfalme wa Puri kwa urithi, naye hufagia majukwaa ya magari kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, mbele ya raia wote. Ndipo farasi wa mbao hufungwa na kamba nene hunyooshwa. Gari la Balabhadra hutangulia, la Subhadra hufuata, na Nandighosa la Jagannath, lenye magurudumu 16 na kimo cha karibu mita 13, huja la mwisho.

Kushika kamba hakubagui dini, lakini sikushauri. Gari la uzito ule halisimami ghafla, na anayeanguka ndani ya umati hana pa kuinukia. Mwaka 2025, siku mbili baada ya magari kuondoka, watu watatu walikufa kwa kukanyagana karibu na Gundicha.

Jambo lingine ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba magari hayavutwi baada ya jua kuzama. Yakichelewa kuanza, Nandighosa hulala njiani hadi kesho yake, kwa hiyo usipange kuona mwisho wa safari. Likishapita mbele yako, shuka ukaelekee stesheni, kwa sababu foleni ya treni za usiku ni ndefu na kila behewa hujaa hadi mlangoni.

Kama tarehe hiyo haiwezekani kwako, siku chache baadaye kuna Bahuda Yatra, ambapo magari hurudi kwa barabara ileile, na jioni inayofuata miungu huvishwa mapambo ya dhahabu wakiwa bado juu ya magari, nje ya Lango la Simba, lango kuu la hekalu. Hapo pia huhitaji kuingia hekaluni ili uwaone, ila kwa onyesho hilo la jioni itakubidi utafute pa kulala Puri.