Mnaoanza Kinoongar, fungeni daftari kwanza

Wiki iliyopita nilimsikia mwanafunzi mpya akimwambia mzee wa Kinoongar (Wanoongar ni Waaborijini, wenyeji wa asili, wa kusini-magharibi mwa Australia) kwamba neno lake "kwenye orodha yetu haliko hivyo". Nilirudi nyumbani na usingizi sikuupata. Basi wadogo zangu mlioingia darasani muhula huu hapa Perth, nisikilizeni.

1. Kaya ni salamu na pia ni "ndiyo", kwa hiyo anza kuitumia leo leo.

2. Ukiulizwa unatoka wapi, usitaje mtaa unaopanga. Anayeuliza anataka kujua moort, yaani watu wako, na boodja, ardhi yako. Sisi wa pwani hatuna udhuru: nani hakukua akiulizwa "wewe wa nani?" kila alipopita barazani? Mjamzito huitwa boodjari. Lisikilize neno la ardhi lilivyo ndani yake.

3. Usimsahihishe mzee. Hapa nina deni.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na daftari la safu tatu: neno, maana, tarehe. Siku moja tulikaa kando ya Derbarl Yerrigan, mto ambao ramani zinauita Swan, pamoja na Anti mmoja mtu mzima, blanketi magotini, chai kwenye kikombe cha bati. Akaunyooshea mto kidole, akasema: gabbi. Maji. Mimi nilikuwa nimeandika kep. Nikamwuliza kwa adabu, "Anti, si kep?" Akanitazama. Nikafungua ukurasa, nikamwonyesha neno lenyewe. Akamaliza chai yake polepole, akakunja blanketi, akasema amechoka. Wiki tano hakuonekana.

Binti yake ndiye aliyenieleza. Sheria ya 1905 ya Australia Magharibi ilimfanya ofisa mmoja wa serikali kuwa mlezi wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi afike miaka 16. Watoto wakachukuliwa kwa wazazi wao, wakapelekwa kwenye makambi kama Moore River, lililofunguliwa 1918, na lugha ya nyumbani wakakatazwa. Mama yake Anti alikuwa miongoni mwa watoto waliochukuliwa. Maneno machache aliyoyaficha alikuja kumnong'oneza Anti usiku, taa ikishazimwa. Gabbi ni mojawapo. Wala halina kosa: gabbi na kep ni maji yale yale, kila upande wa nchi na tamko lake, na Wanoongar wana makundi 14.

Na mimi nilipaswa kulijua hilo. Nyanya yangu, Mmombasa, alikuwa akiniita, "Ndoo hapa, mwanangu." Nikaandika "ndoo" shuleni, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu: njoo. Nikarudi nyumbani, nikamsahihisha nyanya. Hakugomba. Ila tangu siku hiyo alipotaka niende kwake alinipungia mkono tu.

Nilikwenda kwa Anti mikono mitupu, nikamwomba radhi, nikamwomba anifundishe upya neno la maji. Alinyamaza kitambo. Kisha akalisema mara tatu, nami nikalirudia mara tatu, akanishika kidevu kunirekebishia mdomo.

4. Misimu ya Wanoongar ni sita, na haikaririwi ubaoni. Birak, Desemba na Januari, upepo wa mashariki huvuma asubuhi na wa baharini huingia alasiri. Toka nje uupokee usoni. Aliyelelewa na kaskazi na kusi hatapata tabu.

5. Noongar, Nyungar, Nyoongar: tahajia zote zinatumika, jamani, msipoteze kipindi kingine kubishania hilo.

6. Jumanne Anti anakuja na wajukuu. Mmoja wenu alete kiti cha kuegemea, goti linamsumbua. Chai yake sukari vijiko viwili, na asiimimine mtu kabla hajaketi.