Hadi diski inagonga tik tik, na kila kitu changu kimo humo

SWALI: Kaka habari za kazi. Nakuandikia sina hata usingizi maana laptopu yangu juzi usiku imegoma, inafika pale kwenye logo inaganda, halafu ukisogeza sikio unasikia ndani kitu kinagonga tik tik tik, kinanyamaza, kinaanza tena. Humo kuna tasnifu yangu ya miaka miwili na picha zote za mwanangu tangu siku aliyozaliwa, na bakapu sina, kila mara nilikuwa najiambia wikiendi hii nitakopi lakini wapi. Nimeizima na kuiwasha kama mara kumi. Jirani kaniambia niitoe hadi diski niifunge kwenye nailoni niiweke friza usiku kucha, rafiki yangu anasema kuna programu ya kurudisha mafaili. Nianze na lipi?

JIBU: Pole sana dada yangu, pole kweli. Usianze na lolote kati ya hayo, na tafadhali usiiwashe tena hata mara moja, hata kwa kujaribu tu. Chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, iache ilivyo.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hivi. Ndani ya hiyo diski kuna sahani zinazong'aa kama kioo, kwenye laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea ambacho kinaelea bila kugusa, nafasi iliyopo katikati ni ndogo kiasi kwamba unywele wako ni mnene kuliko hiyo nafasi kwa maelfu ya mara. Ule mlio mara nyingi ni hicho kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani hakizioni, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Sasa kama kimeumia kinaweza kuanza kukwangua. Nimewahi kuona diski ya namna hiyo imefunguliwa, sahani ilikuwa na duara la mkwaruzo limezunguka pote, na pembeni vumbi jeusi laini kama masizi. Lile vumbi ndiyo yalikuwa mafaili ya mtu, na hakuna fundi duniani anayeweza kulisoma. Mwenyewe alikuwa ameiwasha siku nzima akitumaini itakubali.

Friza hapana. Ukishaitoa kwenye baridi unyevu wa hewa unatunga matone mpaka juu ya sahani, ukiwasha hapo umemaliza kazi. Na hizo programu za kurudisha mafaili ni nzuri, mimi mwenyewe nazitumia, ila ni za diski isiyo na ubovu ambayo mtu amefuta kitu kwa bahati mbaya au ameiformati, yaani kuifuta yote ianze upya, ukiiwekea diski inayogonga unailazimisha isomeke masaa na masaa na kila dakika inaumia zaidi. Hata ule ukaguzi wa diski unaojianzisha wenyewe Windows ikiwaka ni hatari hapo, kwa sababu unaandika juu ya diski, kazi yake ni kuweka mpangilio sawa, si kuokoa picha za mtoto.

Hii ipeleke kwa watu wanaofanya kazi ya kuokoa data tu. Waulize, wanafungulia diski kwenye chumba kisicho na vumbi? Wakiweza kuisoma wataikopi yote kwanza kwenye diski nyingine, halafu ndo watafute mafaili kwenye ile kopi? Fundi akikwambia ngoja niiformati nikuwekee Windows mpya, chukua diski yako uondoke nayo. Na usikubali mtu aifungue hivihivi mezani.

Wakati unasubiri, dada, tafuta vipande vyako kwingine, watu wengi wanasahau hili wakiwa na majonzi. Tasnifu hukumtumia msimamizi wako kwa imeili? Nenda kwenye zilizotumwa, utakuta hata sura tatu. Flashi uliyopelekea stashenari kuprinti iko wapi? Picha za mtoto ulimtumia bibi yake kwenye WhatsApp, mwambie asifute chochote, na simu yako ya zamani iliyoko kwenye droo ichaji uangalie. Hazitakuwa zote na zingine zitakuwa zimepungua ubora, lakini ni za mwanao.

Ukishapata chochote, kuna kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, kopi 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumbani. Hiyo ya mbali ndiyo watu wanairuka, na mwizi akiingia anabeba laptopu na diski ya nje pamoja maana zote zilikuwa kwenye begi moja.

SWALI: Mimi natumia SSD, ile aina ya diski ambayo haina kitu kinachozunguka. Bado nina haja ya bakapu?

JIBU: Tena sana ndugu yangu. SSD haina kichwa cha kukwaruza, kweli, ila ikifa mara nyingi inakufa kimya, leo umefanya kazi vizuri kesho kompyuta haiioni kabisa. Halafu ukifuta faili, kompyuta inaiambia SSD ile nafasi haihitajiki tena na yenyewe inaisafisha, kwa hiyo ile programu ya kurudisha mafaili mara nyingi itakuta patupu. Na kama unategemea folda inayojioanisha na mtandao, jua ukifuta huku, kule nako inafutika, kwa hiyo hakikisha kuna kopi nyingine imekaa peke yake haijaunganishwa. Ukimaliza kukopi ichomeke kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili machache, video iache icheze mpaka mwisho, maana hata ile iliyokatikia katikati jina lake linaonekana vilevile kwenye folda.