Engaruka hadi Natron kwa miguu: njia mtaiweza, ratiba ndiyo mbovu

Mkuu, umeuliza kama kundi la watu 15, wengi wao wa ofisini, linaweza kutembea kutoka Engaruka hadi Engaresero pembeni ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, kwa siku tatu, mkilala kwenye mahema, na kama kuanza kutembea saa mbili asubuhi baada ya chai ni sawa. Kutembea mtaweza. Hiyo saa mbili ndiyo itakayowatoa roho.

Sisi tulikuwa kumi na mmoja, mwezi wa pili, na tulifanya hivyohivyo. Tuliamka saa kumi na mbili tukidhani tutaondoka mapema. Kundi halijiandai, kundi linasubiriana. Huyu anatafuta soksi, yule hema lake limegoma kurudi kwenye mfuko wake, wawili wako kwenye kichuguu wanapiga picha. Tukatoka saa mbili na robo. Kufika saa nne, ardhi ilikuwa inatupa joto kutoka chini kama bati. Kule unakanyaga majivu ya volkano, laini kama unga, yanapanda mpaka puani. Migunga ipo, lakini kivuli chake ni kama chandarua kilichotoboka.

Karibu na saa sita dada mmoja, ambaye tangu alfajiri alikuwa anatuvunja mbavu, akanyamaza. Nikamwangalia mikono, vinyweleo vimesimama, kwenye joto lile! Ukimuuliza anajibu "niko poa". Tukamlaza chini ya mti, tukamfunika kanga iliyolowa, tukampepea na mfuniko wa sufuria, tukawa tunampa ORS (maji ya chumvi na sukari) kidogo kidogo. Alikaa sawa baada ya kama saa moja na nusu. Tulikuwa na bahati. Mtu akianza kuyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka, hapo si suala la kupumzika tena: mmwagie maji mwili mzima palepale na mtafute gari.

Siku ile tukalala njiani. Tuliona korongo lenye mchanga mlaini, tukaanza kutandaza mahema. Mzee wa Kimasai aliyekuwa akituongoza akakataa katakata. Tukanung'unika, mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu. Hakubishana, alituonyesha tu matawi ya mti kwenye ukingo, yamenasa nyasi kavu na vijiti, usawa wa kifua changu. Mvua ikinyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro, maji yanakufuata huku chini wewe ukiwa umelala kwenye ukavu. Tukahamia juu, kwenye mawe na miba. Hapo ndipo utajua kwa nini wenyeji wanavaa viatu vya tairi. (Viatu vyenu vikung'uteni asubuhi, nge wanapenda kujificha humo.)

Kesho yake yule mzee akachukua saa mikononi mwake. Mizigo ifungwe usiku, chai iwe kwenye chupa, kuamka saa tisa na nusu, kutembea saa kumi na tochi za kichwani. Saa nne asubuhi, simama. Kuanzia hapo ni kulala chini ya turubai mlilolifunga juu na kuachia upepo upite pembeni, msijifungie kwenye hema, hema mchana ni oveni. Saa kumi jioni tunatembea tena mpaka giza likaribie. Tulikwenda mbali kuliko jana yake na hakuna aliyelalamika. Na yule mwenye mwendo mdogo kuliko wote alitembea wa pili, nyuma ya mzee. Wenye mbio zao wakakaa mwisho, wakanuna, wakazoea.

Maji sasa, maana hapa ndipo makundi mengi yanajidanganya. Pigeni lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa tu. Watu 15 siku tatu ni lita 225, yaani madumu 11 ya lita 20 na ushee, bado ya kupikia. Hayo hayabebwi mgongoni. Ama punda, ama gari linalowakuta sehemu mlizokubaliana. Msitegemee vijito na visima vya njiani, maji mengi ya ukanda ule wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi (madini yanayoharibu meno na mifupa), na kuchemsha hakuiondoi. Tena msinywe maji matupu tu. Kijana mmoja wetu alijivunia kumaliza lita sita, jioni akatapika na kichwa kikamgonga, chumvi yote ilikuwa imetoka na jasho. Mkikosa ORS, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Karanga zenye chumvi nazo zinasaidia.

Kuhusu magofu ya Engaruka, umeyaweka saa saba mchana "tukipita". Usifanye hivyo, nakuomba. Sisi tuliyaona saa saba, na ninachokumbuka ni watu kumi na mmoja wakigombea kivuli cha mti mmoja huku mwongozaji wa kijiji akiongea peke yake. Nilirudi mara ya pili, nikafika jua linachomoza. Ni sehemu nyingine kabisa. Jua likiwa chini, kila mstari wa mawe unatoa kivuli chake, na ghafla unaona mashamba: vipande na vipande vilivyogawanywa kwa mawe, mifereji inayoshuka kutoka kwenye mto, eneo la kama kilomita za mraba 20. Juu yake, kwenye mteremko wa ukuta wa bonde, ndiko vijiji vilikuwa, kwenye matuta ya mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikia. Watu waliishi pale kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18, wakilima mtama kwa umwagiliaji kwenye nchi hii hii inayotukausha sisi. Kisha wakaondoka. Wataalamu wengi wanataja kupungua kwa maji ya mito, lakini ubishi haujaisha. Jiwe msilihamishe hata moja, hata la kuwekea sufuria.

Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai msiubandike mwishoni kama nyongeza. Ni mita 2,962, unapandwa usiku kucha, na miguu ya siku tatu haitoshi. Utakuja siku nyingine.

Badala yake, asubuhi ya mwisho nendeni kwenye nyayo za Engaresero. Ziko zaidi ya 400, za watu waliokanyaga tope la majivu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, pengine hadi 19,000. Watafiti walichambua 17 kati ya waliopita pale pamoja, wakaona wengi walikuwa wanawake wazima, wanatembea mwendo wa kawaida, kuelekea upande mmoja. Pale hakuna kivuli hata cha kofia, kwa hiyo fikeni saa kumi na mbili na nusu. Ukiwahi namna hiyo, hata alama za vidole unaziona.