Gari kutetemeka baada ya kufunga belti ya taimingi

Mdogo wangu, gari kutetemeka sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) na kukosa nguvu kwenye mlima wa Nyang'oro, siku mbili tu baada ya kufungwa belti mpya ya taimingi, ile inayounganisha krenki na kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati wake, mimi nahisi belti imeruka jino moja. Usianze kununua plagi. Usiende nayo Iringa tena pia. Kuna injini ambazo valvu na pistoni hugongana taimingi ikihama, na hapo utafungua silinda hedi.

Mwambie fundi afungue kava na kuzungusha krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa spana, upande uleule injini inaozungukia, mpaka alama ya gia ya krenki ikae sawa na alama ya kwenye bloku. Sasa atazame juu: alama ya kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, imelala sawa au imepishana kidogo? Wengi huangalia puli ya nje ya krenki wakaridhika. Ile raba yake ikichoka, puli huteleza na alama inakudanganya.

Ikiwa imepishana, aivue belti. Akiirudishia, upande usio na tensheni (puli inayokaza belti) ukazwe kwanza, ulegevu wote ubaki upande wa tensheni. Aachie tensheni, azungushe krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mbili, kisha aangalie alama upya. Spana ikigoma njiani, aache hapohapo, asilazimishe, wala asipige stata.

Na kava lirudi na boliti zote. Vumbi la Dodoma unalijua.