Barua kwa mwanangu: damu ya mjomba Salim

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Umeniuliza kama trigliseridi zako, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, za milimoli 6.4 kwa lita, ilhali hazipaswi kuvuka 1.7, ni za kurithi, na kama ulipie kipimo cha vinasaba. Nitakujibu, ila kwanza niruhusu nirudi kwa mjomba wako Salim, kwa sababu tangu niione namba hiyo sijaacha kumfikiria.

Unakumbuka alivyoacha ghafla kula sinia moja na sisi, sababu hukuambiwa. Asubuhi moja alikuja maabara akiwa hajatia kitu kinywani tangu isha, nami mwenyewe nikamtoa damu. Nilipoichukua chupa kutoka kwenye mashine ya kuzungusha, maji ya damu, ambayo huwa ya manjano na maangavu, yalikuwa meupe kama tui la kwanza. Niliiweka kwenye friji usiku kucha, na kesho yake juu palikuwa pametanda kitu kama malai, na chini yake ukungu haujatoka. Namba ya trigliseridi ilikuwa 19. Daktari aliyeisoma hakumwuliza habari za baba yetu wala za shangazi. Alimwambia mbele ya wagonjwa wengine aache ulafi na pombe. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe! Nilikuwa nimesimama palepale, chupa mkononi, nikanyamaza. Miezi mitatu baadaye Salim alilazwa kwa maumivu ya kongosho, na hata pale kitandani aliniapia kwamba samli alikwisha kuiacha, kana kwamba mimi nami nilikuwa mmoja wa waliomshtaki. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Mtu asihukumiwe kwa sahani yake. Mmenisikia nikisema hivyo miaka yote, na chanzo chake ni siku ile.

Mafuta tunayokula huingia kwenye damu yakiwa katika vifurushi vidogo vilivyovishwa protini, na yale yanayotengenezwa na ini husafiri vivyo hivyo. Katika kuta za mishipa midogo kabisa, hasa ya misuli na ya sehemu zinazohifadhi mafuta, kuna kimeng'enya kiitwacho lipoprotini lipasi, ambacho huvivunja vifurushi hivyo ili mafuta yake yatumike. Kati ya protini zinazovivisha vifurushi, iitwayo C-II hukichochea. Iitwayo C-III hukizuia, na tena hulichelewesha ini kuyaondoa masalia. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kula sinia moja, wakanawa pamoja, na damu zao zisifanane hata kidogo.

Mtafiti Toni Pollin na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 2008 miongoni mwa Waamish, jamii ya Kikristo ya Lancaster, Pennsylvania, huko Marekani. Waliwapa watu kinywaji kilekile cha maziwa chenye mafuta mengi. Wale waliorithi nakala moja mbovu ya jeni ya C-III, ambao ni kama asilimia 5 ya jamii hiyo, trigliseridi zao zilibaki chini kuliko za wenzao, na mishipa ya mioyo yao ilikuwa na chokaa kidogo zaidi. Mwaka 2017 ikaelezwa familia ya Pakistan, baba, mama na watoto wao tisa, wote hawana C-III kabisa. Walipopewa mafuta, mafuta ya damu zao hayakupanda kama ya jamaa zao walio nayo. Nikisoma habari hiyo huwa ninafurahi kisha ninahuzunika, kwa maana kama wapo waliozaliwa na kinga, wapo pia waliozaliwa na mzigo, na mzigo huo hauonekani kwa kumtazama mtu tumbo.

Lakini nisikuvute upande mmoja. Protini E, nayo ni mojawapo ya zinazovivisha vifurushi, ina asidi amino 299, yaani vipande vinavyoijenga, na aina ya E2 inatofautiana na E3, iliyo ya kawaida, kwa asidi moja tu, ya 158; hiyo moja inatosha kulifanya ini lisiishike vizuri, masalia ya mafuta yakazagaa kwenye damu. Hata hivyo, wengi waliorithi E2 kwa wazazi wote wawili hawaugui mpaka kitu kingine kiongezeke, kama vile kisukari, unene au tezi ya shingo iliyopungua nguvu. Kwa hiyo sahani imo, na soda zako za jioni zimo. Nikikana hilo nitakuwa nimekosea kama yule daktari, ila kwa upande wa pili. Sahani iulizwe, isianze kwa kuhukumiwa.

Kuhusu kulipia kipimo, nimeandika jibu mara mbili na mara mbili nikalifuta. Unajua moyo wangu unakoelekea. Najizuia kwa sababu fedha ni zako, na majibu yake yatawagusa hata wanao. Ila sukari, tezi, figo na dawa unazotumia viangaliwe kwanza, na damu ipimwe tena baada ya saa 12 bila kula. Mweleze daktari habari za mjomba wako kabla hajakuuliza unakula nini. Tumbo likikukata kwa nguvu hadi mgongoni, usingoje kupambazuke.

Na siku hiyo mwombe fundi wa maabara akuonyeshe chupa ikishazungushwa, uniandikie maji yake yana rangi gani.

Mama yako